4,294,967,297: ni namba tasa au si tasa? Naomba uthibitisho wa kalamu

KalamuNaKaratasi anauliza:

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna namba imenikaa kichwani na haitaki kutoka: 4,294,967,297. Ni 2^32 + 1, yaani mbili kwa kipeo cha 32, halafu unaongeza moja. Nimeifikia kwa kufuata mfuatano huu: 2^1 + 1 = 3, 2^2 + 1 = 5, 2^4 + 1 = 17, 2^8 + 1 = 257, 2^16 + 1 = 65,537. Kila hatua kipeo kinakuwa maradufu ya kile kilichotangulia. Hizo tano zote ni namba tasa, nimezihakiki moja baada ya nyingine. Inayofuata ndiyo hii yangu.

Hadi sasa nimefanya hivi. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haimo. Kwa 11 nimetumia ile kanuni ya kujumlisha na kutoa tarakimu kwa zamu, nayo haimo. Kisha nikaigawanya kwa kila namba tasa hadi 500, kwa mkono, na kila mara kulikuwa na baki.

Halafu nikageukia kanuni ndogo ya Fermat: kama N ni tasa na si 2, basi 2^(N−1) ukiigawanya kwa N lazima ibaki 1. Nimepandisha miraba hatua kwa hatua, na mwisho imebaki 1 kamili.

Kipeuo cha pili cha namba hii ni 65,536 na chembe ndogo sana. Ili nimalize kwa kugawanya tu, itanibidi nipite namba tasa 6,542. Kazi ndefu hainitishi, ila nahisi kuna njia ambayo siioni. Je, kufaulu lile jaribio la kipeo cha 2 kunatosha kuitangaza kuwa tasa? Na kama si tasa, kigawo chake kinatafutwaje bila kupita namba zote hizo? Naomba sana uthibitisho ambao naweza kuufuata kwa kalamu, mstari kwa mstari. Jibu la "kompyuta imesema" halinisaidii, kwa sababu nataka kujua ni kwa nini.

Nawasilisha.

---

Biti32:

Mkuu, si tasa. 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417. Zidisha utaona.

Uliishia 500, na 641 iko namba tasa 21 tu mbele ya hapo. Kama ungetafuta tu zile zenye umbo la 128k + 1 (k ni namba nzima) ungefika mapema mno.

Jambo moja kwa wanaotaka kuihakiki kwa programu: angalieni ukubwa wa sehemu mnayoihifadhia namba. Biti 32 zisizo na alama ya hasi zinabeba kuanzia 0 hadi 4,294,967,295. Hii yetu imezidi kikomo hicho kwa 2, kwa hiyo ukiilazimisha kuingia humo kinachobaki ni 1. Programu itaendelea kufanya kazi bila kulalamika, na majibu yake yote yatahusu namba 1. Tumieni biti 64.

---

MwalimuWaNamba:

Mwanangu, swali lako umelipanga vizuri, nami nitalijibu kwa mpangilio huohuo. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na namba hii ni miongoni mwa zile ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu inamlazimisha mtu aache kuhesabu kwanza, aitazame.

Tuanze na jaribio lako la kipeo cha 2. Halitoshi, na sababu iko ndani ya hesabu uliyoifanya mwenyewe. Zirudie hatua zako. Unaanza na 2, unapandisha mraba: 4, 16, 256, 65,536. Mraba wa tano unakupa 2^32, ambayo ni N, yaani namba yako, pungufu ya 1. Tuseme basi imebaki −1, maana ukiongeza 1 inagawanyika kwa N. Mraba wa sita ni (−1) mara (−1), yaani 1. Kuanzia hapo, mraba wa 1 ni 1 daima. N − 1 ni 2^32, kwa hiyo ulitakiwa kupandisha mraba mara 32, lakini jibu lilikuwa limeshaamuliwa kwenye mara ya sita. Na tazama: hakuna mahali popote katika hatua hizo sita ulipotumia habari yoyote kuhusu vigawo vya N. Ulitumia umbo lake tu, 2^32 + 1. Namba yoyote ya mfuatano wako, iwe tasa au isiwe, italifaulu jaribio hilo. Jaribio ambalo haliwezi kumwangusha yeyote halimpimi yeyote.

Badilisha 2 uweke 3. Pandisha mraba mara 32 na kila mara chukua baki kwa N. Mwisho utapata 3,029,026,160. Ingekuwa 1 kama N ingekuwa tasa. Si 1, basi N si tasa, na hilo limethibitika bila sisi kujua kigawo hata kimoja. Mfaransa Pépin alionyesha mwaka 1877 kwamba kwa namba za mfuatano huu, ukiondoa ile 3 ya mwanzo, kipimo cha 3 kinakata shauri pande zote mbili: ukipandisha mraba mara moja pungufu, hapa mara 31, namba ni tasa ikiwa utabaki na −1, na si tasa ukibaki na kitu kingine chochote. Kwa hii yetu unabaki na 10,324,303. Kazi ya miraba 31 ya tarakimu kumi kumi inafanyika kwa kalamu, ila inataka utulivu.

Sasa kigawo. Hapa ndipo ninapotaka usimame na mimi kwa muda.

Chukulia namba tasa p inaigawanya 2^32 + 1. Hatujui p ni ipi, lakini tayari tunajua mengi juu yake. Gawanya 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa p, uandike mabaki. Mabaki hayo huzunguka kama mshale wa saa: yakishafika 1 yanaanza upya. Swali ni kwamba mzunguko mmoja una hatua ngapi. Kwa kuwa p inaigawanya 2^32 + 1, hatua ya 32 inabakiza −1. Hatua ya 64 basi inabakiza 1. Kwa hiyo urefu wa mzunguko ni lazima uwe kigawo cha 64: ama 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Lakini zote isipokuwa 64 zinaigawanya 32 pia, na kama mzunguko ungekuwa mmojawapo wa hizo, hatua ya 32 ingebakiza 1. Inabakiza −1. Mzunguko una hatua 64 kamili, hakuna njia nyingine.

Sasa kanuni yako ndogo ya Fermat inapata kazi yake ya kweli. Inasema hatua ya p − 1 inabakiza 1. Basi p − 1 ni mizunguko kamili, yaani p − 1 inagawanyika kwa 64. Kila kigawo tasa cha namba yako kina umbo la 64k + 1.

Angalia kilichotokea kwa zile namba tasa 6,542. Orodha sasa inaanza hivi: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano ndiyo hiyo. Zile zote ulizogawanya chini ya 500, isipokuwa tatu, hazikuwa na nafasi tangu mwanzo.

Leonhard Euler alikitangaza kigawo 641 mwaka 1732, na njia hii aliieleza baadaye. Fermat alikuwa ameandika katika barua zake za mwaka 1640 kwamba anaamini namba zote za mfuatano huu ni tasa, na Christian Goldbach ndiye aliyemuuliza Euler juu ya jambo hilo mwishoni mwa mwaka 1729. Kinachonigusa kila ninapolifikiria ni kwamba kanuni iliyovunja dai la Fermat ni kanuni ya Fermat mwenyewe, ya mwaka uleule wa 1640. Chombo alikuwa nacho mkononi, na kazi iliyobaki ilikuwa kugawanya mara tano.

Uliomba uthibitisho wa kalamu. Huu hapa, na ni mzuri kiasi kwamba sitaufupisha. Itazame 641. Ina sura mbili:

641 = 5 × 2^7 + 1
641 = 5^4 + 2^4

Ya kwanza ni 640 + 1, ya pili ni 625 + 16. Chukua sura ya pili, uizidishe kwa 2^28:

641 × 2^28 = 5^4 × 2^28 + 2^32

Ile 5^4 × 2^28 ni (5 × 2^7) kwa kipeo cha 4, na sura ya kwanza inakwambia kwamba 5 × 2^7 ni 640. Kwa hiyo:

2^32 = 641 × 2^28 − 640^4

Ongeza 1 kila upande:

2^32 + 1 = 641 × 2^28 − (640^4 − 1)

Kilichomo kwenye mabano ni tofauti ya miraba, na kinafunguka kuwa 639 × 641 × 409,601. Hii 409,601 ni 640 mara 640 ukiongeza 1. Basi 641 imo pande zote mbili za alama ya kutoa. Itoe nje:

2^32 + 1 = 641 × (268,435,456 − 639 × 409,601)
= 641 × (268,435,456 − 261,735,039)
= 641 × 6,700,417

Hukugawanya hata mara moja. Kigawo cha pili kimejitokeza chenyewe kwa kutoa.

---

KalamuNaKaratasi:

Shikamoo mwalimu. Nimeufuata uthibitisho huo mara kadhaa na kila mstari umekaa mahali pake. Ile ya 640 na 641 nimeshindwa hata kulala mapema, nilitaka niiandike tena na tena hadi niweze kuitoa kichwani. Asante sana.

Na Biti32 asante pia, ila umenichanganya kidogo. Umesema umbo ni 128k + 1, mwalimu amethibitisha 64k + 1. Ile 128 inatoka wapi? Na jingine: tunajuaje kwamba 6,700,417 yenyewe haivunjiki zaidi?

---

Biti32:

Nimeitumia kama kanuni niliyoikuta, mkuu. Namwachia mwalimu aithibitishe, nami naisubiri.

---

MwalimuWaNamba:

Marahaba mwanangu. Biti32 yuko sahihi, na 64 yangu pia ni sahihi. Ile ya 128 ni kali zaidi. Ni ya Édouard Lucas, mwaka 1878.

Tafuta namba ambayo mzunguko wake ni mrefu maradufu ya ule wa 2. Chukua x = 2^8 × (2^16 + 1), yaani 256 × 65,537 = 16,777,472. Ipandishe mraba:

x² = 2^16 × (2^32 + 2^17 + 1)

Ndani ya mabano kuna 2^32 + 1, ambayo p inaigawanya, kwa hiyo inafutika na kinachobaki ni 2^17. Basi x² inabakiza 2^16 × 2^17 = 2^33, ambayo ni 2 × 2^32, na kwa kuwa 2^32 ni −1, tumepata −2. Mraba wa x unabakiza −2.

Pandisha hiyo kwa kipeo cha 32. Upande mmoja una x^64. Upande wa pili una (−2)^32, ambayo ni 2^32, yaani −1. Basi hatua ya 64 ya x inabakiza −1 na hatua ya 128 inabakiza 1. Hoja ni ileile ya jana: mzunguko wa x una hatua 128 kamili, na p − 1 inagawanyika kwa 128.

Iandike orodha sasa: 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza ni 3 × 43, ya tatu inaishia na 5, ya nne inagawanyika kwa 3. Zimebaki 257 na 641. Na 257 unaweza kuiondoa bila kuijaribu. Anza na 2^32 − 1 uifungue kwa tofauti ya miraba: (2^16 − 1)(2^16 + 1). Fungua tena ile ya kwanza, na tena, hadi chini. Utapata

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Hizo ni namba zako tano za mwanzo, zote, na zao lao ni pungufu ya N kwa 2. Kama 257 ingeigawanya N, ingeigawanya na hiyo 2, jambo ambalo haliwezekani. Kwa hiyo 641 ndiyo namba ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa. Ya kwanza, na ndiyo jibu.

Usiipite haraka hiyo ya zao. Inathibitisha kwamba hakuna namba mbili za mfuatano huu zinazoshiriki kigawo, kwa sababu popote utakaposimama, zao la zote zilizotangulia ni pungufu ya unayoitazama kwa 2, na zote ni witiri. Mfuatano hauna mwisho, kila namba inaleta angalau kigawo tasa kipya, basi namba tasa hazina mwisho. Goldbach alimwandikia Euler hoja ya namna hiyo mwaka 1730.

Kuhusu 6,700,417. Kigawo chochote tasa chake ni kigawo cha N, kwa hiyo nacho lazima kiwe na umbo la 128k + 1. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Namba tasa za umbo hilo hadi hapo ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Umeshaiondoa 257. Gawanya kwa hizo nne zilizobaki: 641 inabakiza 44, 769 inabakiza 120, 1,153 inabakiza 334, 1,409 inabakiza 622. Imekwisha, ni tasa. Mara nne tu za kugawanya kwa namba ya mamilioni.

Basi vigawo vyote vya namba yako ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

---

MirabaMiwili:

Mwalimu, kwa heshima naomba niongeze njia nyingine, kwa sababu nadhani dada au kaka aliyeuliza ataipenda.

N ni jumla ya miraba miwili, hilo linaonekana kwa macho: 65,536² + 1². Lakini ni jumla ya miraba miwili kwa namna nyingine pia:

62,264² + 20,449² = 3,876,805,696 + 418,161,601 = 4,294,967,297

Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa namna mbili tofauti. Kwa hiyo huo mstari mmoja peke yake unatosha kuonyesha kwamba N si tasa. Na unatoa vigawo pia. Toa kubwa kwa kubwa: 65,536 − 62,264 = 3,272. Toa ndogo kwa ndogo: 20,449 − 1 = 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika cha 3,272 na 20,448 ni 8. Gawanya zote mbili kwa 8 upate 409 na 2,556. Sasa pandisha miraba na ujumlishe:

409² + 2,556² = 167,281 + 6,533,136 = 6,700,417

Na 641 nayo ni 25² + 4². Ukichanganya hizi jozi mbili, (25, 4) na (2,556, 409), unarudi kwenye N kwa njia mbili. Moja: 25 × 2,556 + 4 × 409 = 65,536 na 25 × 409 − 4 × 2,556 = 1. Ile ya pili geuza alama: 25 × 2,556 − 4 × 409 = 62,264 na 25 × 409 + 4 × 2,556 = 20,449. Mimi kinachonishika hapo ni 10,225 kutoa 10,224. Namba mbili kubwa zimekaribiana kiasi cha kuacha 1 pekee, na hiyo 1 ndiyo ile iliyoongezwa kwenye 2^32.

Pia kuna upande wa jiometri. Gauss alionyesha mwaka 1796 kwamba poligoni sawa ya pande 17 inachorwa kwa rula na bikari tu. Kwa pande ambazo idadi yake ni witiri, inawezekana pale tu idadi hiyo ikiwa ni zao la namba tasa tofauti za mfuatano huu; nusu ya pili ya hoja hiyo, kwamba nyingine haziwezekani, aliithibitisha Wantzel mwaka 1837. Kwa kuwa namba tasa zinazojulikana katika mfuatano ni tano tu, idadi kubwa zaidi ya pande za witiri inayojulikana kuwezekana ni 4,294,967,295, ile zao la mwalimu. Ongeza pande mbili, ufike kwenye N, na haiwezekani tena, kwa sababu 641 si mwana wa mfuatano huo.

---

Biti32:

Nimeielewa ile ya 128 sasa, mwalimu. Asante.

Kitu kingine cha kuongeza: mwaka 1812 mtoto wa Kimarekani, Zerah Colburn, wa umri wa takribani miaka minane, alipelekwa London kuonyeshwa kwa uwezo wake wa kuhesabu kichwani. Aliulizwa kuhusu namba hiihii, akataja 641 na 6,700,417.

---

KalamuNaKaratasi:

Nimegawanya zile nne kwa mkono na mabaki yametoka kama alivyoandika mwalimu: 44, 120, 334, 622. Miraba ya MirabaMiwili nayo nimeihakiki yote. (Ni dada, kwa taarifa.)

Sasa nimevuka hadi inayofuata, 2^64 + 1 = 18,446,744,073,709,551,617. Hoja ya x nimeirudia kwa kubadilisha vipeo na nimepata kwamba vigawo vyake tasa lazima viwe na umbo la 256k + 1. Je, hiyo nayo kigawo chake kiko karibu, au safari hii kalamu haitoshi? Na hizo za mbele zaidi zimevunjwa zote?

---

MwalimuWaNamba:

Hoja yako ya 256 ni sahihi, na nimefurahi kwamba umeipata mwenyewe.

Safari hii kigawo kiko mbali zaidi, ila si nje ya uwezo wa kalamu. Ni 274,177, na k yake ni 1,071. Kigawo cha pili ni 67,280,421,310,721, nacho ni tasa. Fortuné Landry aliitangaza jozi hiyo mwaka 1880, enzi ambazo hapakuwa na mashine ya kumsaidia. Inayofuata, 2^128 + 1, ina tarakimu 39, na ilisubiri hadi mwaka 1970, Morrison na Brillhart walipoivunja kwa kompyuta.

Mbele ya hapo hali inakuwa ya aina yake, na inarudi kwenye swali lako la kwanza, la kufaulu au kutofaulu jaribio. Tuzihesabu namba za mfuatano kwa kipeo cha ndani, hii yako ikiwa ya 5 kwa sababu 32 ni 2^5. Kuanzia ya 5 hadi ya 32, zote zimethibitika kuwa si tasa. Lakini ya 20 na ya 24 hazijulikani kigawo hata kimoja. Zilipimwa kwa njia ya Pépin, ileile ya kupandisha 3 mraba, na hazikubakiza −1. Tunajua kwa uhakika kamili kwamba zinavunjika, na hakuna aliyewahi kuona kipande chake. Ya 33 ndiyo ndogo zaidi ambayo hadi sasa haijulikani kama ni tasa au la.

Kama unataka kazi ya mkono kwa sasa, usianze kugawanya 2^64 + 1 kwa k zote hadi 1,071. Fanya kinyume: chukua 274,177, anza na 2, upandishe mraba mara sita na kila mara uchukue baki. Mraba wa tano na wa sita ndio wenye jasho. Ukibaki na 274,176 mwishoni, umeithibitisha.